Kinachochoma si joto: kuungua jua, kujikinga na kujitibu

Ilikuwa Julai, katikati ya kusi. Tulitoka Unguja mjini watu saba kwa mashua kwenda kwenye fungu la mchanga, matembezi ya siku moja. Wingu jepesi lilikuwa limetanda, upepo unavuma, na mwenzetu mmoja alijifunga kikoi mabegani kwa baridi. Nahodha alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na kofia pana ya ukindu. Tukamtania kwamba amekosea njia, shamba liko upande wa pili. Mimi nilikuwa na fulana na kandambili, na karibu siku nzima nilikaa ubavuni mwa mashua, miguu nimeinyoosha.

Usiku, shuka lilipogusa miguu niliruka. Asubuhi kiatu hakikuingia. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, akaitazama miguu, akaigusa kwa mgongo wa kidole, akasema nimeungua jua. Nikamjibu kama wengi wetu tungemjibu: mimi na weusi wangu huu, dada, niungue jua? Tena jana jua lenyewe halikuwapo.

"Joto ndilo halikuwapo," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa alichosema, na nimeona watu wengi wakijikwaa palepale nilipojikwaa mimi. Neno "jua" kwetu linabeba mizigo mitatu kwa pamoja. Tukisema jua kali tunaweza kumaanisha mwanga unaoumiza macho, au joto linalotoa jasho, au hilo la kubabua ngozi, na tunayachukulia yote kuwa kitu kimoja. Mwanga tunauona. Joto tunalihisi. Cha tatu ni mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za losheni, na hiyo mwili hauna kiungo cha kuihisi. Upepo wa bahari unaweza kukupoza mpaka ukatafuta kikoi, na mionzi ikaendelea kukushukia vilevile, kwa sababu upepo hauipeperushi.

Urujuanimno nao una makundi. UVC huzuiwa na hewa na tabaka la ozoni, haitufikii. UVB hupunguzwa sana njiani, lakini kiasi kinachopenya ndicho mchomaji mkuu. UVA hupenya kwa wingi, na ndiyo takriban asilimia 95 ya urujuanimno wote unaofika ardhini. Hiyo huchoma kidogo, ila huzama ndani zaidi ya ngozi, ikaleta makunyanzi na mabaka, na hupita kwenye kioo cha kawaida. Dereva wa safari ndefu aliyefunga dirisha haungui mkono, maana kioo humzuilia UVB, lakini baada ya miaka mingi mkono wa upande wa dirisha huweza kuonekana mzee kuliko mwenzake.

Tofauti ya kuungua jua na kuungua moto iko hapa. Moto au maji ya moto hupika ngozi papo hapo, na unaruka kabla hujafikiri. UVB haipiki kitu. Huingia ndani ya seli na kugonga DNA, ikagandanisha vipande viwili vilivyo jirani, na maagizo ya seli hayasomeki tena sawasawa. Seli hujaribu kujirekebisha. Zilizoharibika kupita kiasi hujiua zenyewe, na mwili hupeleka damu na kemikali za uvimbe mahali hapo. Ule uwekundu, joto na maumivu ni kazi ya ukarabati, na kazi hiyo huchukua muda kuanza: dalili hujitokeza baada ya kama saa 3 hadi 6, zikafika kileleni kati ya saa 12 na 24. Siku chache baadaye tabaka la seli zilizokufa hubambuka.

Kwa hiyo ule ushauri wa "ukihisi jua linachoma, ingia kivulini" unafaa kwa joto tu. Kwa mionzi, ukingoja kuhisi, umechelewa tangu asubuhi.

Weusi wangu huu

Sasa turudi kwenye jibu langu la kiburi. Halikuwa uongo mtupu. Binadamu wote wana idadi inayokaribiana ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kinachotofautiana ni wingi, ukubwa na mtawanyiko wa vifuko vya rangi hiyo, melanini. Ndani ya seli ya ngozi melanini hujipanga juu ya kiini, upande wa jua, kama mtu aliyejitwika ungo kichwani. Ngozi nyeusi ina kinga hiyo kwa wingi, na inastahimili jua kuliko ngozi nyeupe kwa kiasi kikubwa. Kipimo kinachonukuliwa sana, cha mwaka 1979, kiliiweka kinga ya ngozi nyeusi karibu na SPF 13 (SPF ni ile namba ya nguvu ya kinga inayoandikwa kwenye chupa za losheni), na ya ngozi nyeupe karibu na 3.

Kumi na tatu si haba, lakini ukiikuta namba hiyo kwenye chupa dukani utairudisha kwenye rafu. Tena ni wastani. Mtu mweusi ti wa pwani na mtu maji ya kunde wa nyanda za juu hawana ngozi moja, wala ngozi ya mtu yuleyule hailingani: uso na mikono iliyozoea jua si sawa na mgongo wa mguu unaoshinda ndani ya kiatu mwaka mzima, kisha siku moja ukaachwa wazi juu ya mashua.

Tatizo jingine ni kuutambua ugonjwa wenyewe. Picha za vitabuni zinaonyesha mzungu aliyeiva kama nyanya, na sisi tunangoja tuwe hivyo. Kwenye ngozi nyeusi uwekundu huonekana kwa shida. Tafuta vitu vingine: ngozi iliyo moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono, inayokaza kama imevutwa, inayouma nguo ikipita juu yake, inayowasha, iliyokolea weusi kuliko jirani yake. Wengi hugundua siku ya nne au ya tano wanapobambuka, wakadhani ni fangasi au sabuni mpya.

Na kuna wale ambao ngao yao ni ndogo, au wameivua wenyewe. Watu wenye ualbino hawana melanini ya kutosha, na kwao jua la siku moja ya kulima ni jeraha. Kwa Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya takriban 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia, na saratani ya ngozi huwapata mapema mno. Ndiyo sababu huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, zilianza kutengenezwa losheni za Kilisun kwa ajili yao, na hadi leo kwa mtu mwenye ualbino losheni ni dawa, haifai kuhesabiwa kama kipodozi.

Kundi la pili ni watumiaji wa mkorogo. Krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni au zebaki huzuia melanini isitengenezwe, na zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Mtu anajichubua Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi anakwenda ufukweni na ngozi isiyo na ungo kichwani. Kundi la tatu halijijui kabisa: wanaokunywa dawa zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Doxycycline, inayotumika kwa maambukizi mengi na pia kuzuia malaria kwa wasafiri, ni mojawapo. Septrin nayo imo, na pia baadhi ya dawa za presha za kukojoza. Usiache dawa kwa sababu hiyo. Muulize mfamasia, kisha vaa mikono mirefu.

Nitaje na ndimu, maana watu hushangaa. Maji ya ndimu au limau yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, huweza kubabua vibaya, malengelenge yakatoka, na doa jeusi likakaa wiki au miezi. Ukikamulia pweza wako ufukweni, nawa mikono.

Kuhusu saratani kwa watu weusi, nitasema bila kutia chumvi. Saratani ya ngozi aina ya melanoma ikitupata sisi, mara nyingi huota unyayoni, kiganjani au chini ya kucha, mahali pasipopigwa sana na jua. Ndiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley, akafariki mwaka 1981. Anayekutisha kwamba bila losheni utapata saratani hiyo amechukua onyo lililoandikwa kwa watu wengine. Sababu za mtu mweusi kujikinga ni nyingine: maumivu, mabaka meusi usoni yasiyotoka, kuzeeka kwa ngozi, macho. Zinatosha.

Saa ya kivuli

Ukisoma maelekezo mengi utaambiwa uepuke jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Namba hizo zilitoka kwenye nchi za mbali na ikweta, ambazo nyingi husogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi. Kwetu kuna kipimo kizuri zaidi, na hakihitaji saa wala simu: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limepanda zaidi ya nyuzi 45 na urujuanimno ni mkali. Kikiwa kirefu kuliko wewe, mionzi inapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kukufikia, na mingi inaishia njiani.

Karibu na ikweta jua hupanda wima kama mkwezi. Linachomoza karibu saa kumi na mbili, na kufikia saa tatu na kitu asubuhi kivuli kimeshakuwa sawa na wewe. Kuanzia hapo hadi saa tisa na robo hivi, uko chini ya jua kali, ulihisi au usilihisi. Kwa watu wa pwani kuna alama nyingine iliyo masikioni kila siku. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, wakati wa alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Yaani adhana ya alasiri inapoadhiniwa, kivuli chako tayari kimekuzidi. Mionzi haijakwisha, lakini makali yake yamekatika. Ukipanga mechi ya watoto, matembezi au kuogelea baada ya alasiri, umefanya nusu ya kazi bila kununua kitu.

Kipimo hichohicho kinajibu suala la msimu. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Watu husema Juni na Julai jua limepoa, na hewa kweli imepoa. Lakini simama nje saa sita na nusu mchana mwezi Juni: kivuli chako ni kama nusu ya urefu wako na ushei kidogo. Jua la kipupwe linapanda juu kuliko wanavyoliona watu wa Ulaya ya kaskazini hata wakati wa kiangazi chao. Shirika la Afya Duniani na wenzake wana kipimo cha urujuanimno kinachoanzia 0, na 11 au zaidi huitwa kiwango cha hatari kabisa. Kwenye ukanda wetu kufika huko mchana ni jambo la kawaida. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu huonyesha namba hiyo. Ikiwa 3 au zaidi, jikinge.

Mawingu ndiyo yaliyonidanganya mimi. Wingu jepesi huzuia joto na kupunguza mwanga wa macho, lakini zaidi ya asilimia 90 ya urujuanimno huweza kulipenya. Wingu zito la mvua ni jingine. Kama bado unaona kivuli chako, hata kilichofifia, jihesabu uko juani.

Bwawani, mchangani, mlimani

Kwenye fukwe za Paje na Jambiani, wanawake wanaolima mwani hawana uhuru wa kuchagua saa. Hufuata maji. Siku za bamvua, maji ya upande ule hukauka sana kuanzia saa nne hivi asubuhi hadi karibu adhuhuri, na hapo ndipo wanapoinama kufunga mwani kwenye kamba, maji magotini, jua mgongoni. Mchanga mweupe huwarudishia kama asilimia 15 ya mionzi kutoka chini, na povu la mawimbi hadi 25. Maji yenyewe si ngao: nusu mita chini ya uso wa bahari bado kuna asilimia 40 ya mionzi iliyokuwapo juu. Ndiyo maana mgeni aliyeelea kifudifudi saa nzima akitazama samaki wa rangi hutoka na mgongo na nyuma ya magoti iliyobabuka, ingawa siku yote alikuwa majini.

Watazame wanavyovaa. Mikono mirefu, suruali ndani ya dera, kanga kichwani ikashuka shingoni, kofia ya ukili juu yake. Hakuna aliyewapa semina. Visiwani Ngazija na Mayotte wanawake hujipaka usoni uji mzito wa liwa, wanaouita msindanu, na Madagaska wana wao, masonjoany. Ni urembo, na pia unaziba ngozi kwa unga wa mti. Haujapewa namba ya SPF, kwa hiyo usiutegemee peke yake, lakini fikra iliyomo ni sahihi: weka kitu kati ya jua na ngozi.

Mlima ni habari nyingine, na kama ningelazimika kuchagua mahali pa kuwaogofya watu ningechagua Kilimanjaro. Kila unapopanda meta 1,000 urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuuchuja inapungua juu yako. Kilele kiko meta 5,895, kwa hiyo pale juu mionzi imezidi ya Tanga au Bagamoyo kwa zaidi ya nusu. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya inayoipiga. Unapigwa kutoka juu na kutoka chini, nawe unatetemeka kwa baridi na huna fikra yoyote ya jua. Wapandaji wengi huanza safari ya kilele usiku wa manane, wakafika alfajiri, na kuteremka jua likiwa limepanda. Wanaoungua huungua mahali pa ajabu: chini ya kidevu, puani kwa ndani, chini ya masikio, midomo. Macho nayo huungua. Saa kadhaa baadaye hujaa maumivu kama yametiwa mchanga, machozi hayakatiki, na mtu hawezi kuvumilia mwanga. Hupona kwa siku moja au mbili gizani, lakini mtu aliye mlimani hawezi kungoja siku mbili. Miwani ya jua iliyoandikwa UV400, yenye kuziba pembeni, ni lazima. Mpagazi anaihitaji sawa na mgeni anayembebea mzigo, ingawa mara nyingi ni mgeni tu unayemwona nayo.

Historia ya losheni yenyewe ina mlima ndani yake. Inasimuliwa kwamba mwanakemia wa Austria, Franz Greiter, aliungua akipanda mlima Piz Buin mwaka 1938, na mwaka 1946 akatoa krimu yake ya kwanza. Jina lake ndilo linalohusishwa pia na kuenea kwa namba za SPF katika miaka ya 1970.

Nguo kwanza, losheni baadaye

SPF ndiyo namba inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu hudhani SPF 50 ina nguvu mara mbili ya 25, au kwamba inakupa dakika fulani za kukaa juani. Ifikirie kama mlango wenye upenyo. SPF 15 hupitisha sehemu moja kati ya 15 ya mionzi inayochoma, yaani huzuia kama asilimia 93. SPF 30 huzuia karibu 97, na SPF 50 huzuia 98. Ukishapita 30, tofauti ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Na SPF hupima zaidi uchomaji wa UVB. Kwa UVA tafuta herufi UVA ndani ya duara, au alama za PA zenye misalaba kadhaa.

Lakini namba hiyo hupatikana maabara kwa kupaka kiasi kikubwa: kwa mwili mzima wa mtu mzima ni kama vijiko sita au saba vya chai. Uso na shingo peke yake huhitaji mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, tangu mwanzo hadi ncha. Wengi wetu hupaka robo yake, tena tunaivuta kama mafuta ya kula wakati wa shida. Ukipaka robo hupati robo ya kinga tu, unaweza kupata chini ya hapo. Halafu inatakiwa ipakwe robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, na irudiwe kila baada ya saa 2, na kila ukitoka majini au ukijifuta jasho, hata kama imeandikwa haitoki kwa maji. Piga hesabu: chupa ya mililita 100 haimalizi siku moja ya familia ufukweni.

Ndiyo maana nasema nguo kwanza. Nguo haihitaji kurudiwa kila baada ya saa 2 na hudumu miaka. Ila nguo nazo hazilingani. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hukinga kidogo, na ikilowa kinga hiyo hupungua tena, kwa hiyo kuogelea na fulana nyeupe ni nusu ya kujidanganya. Kitambaa kizito, cha rangi iliyokolea na kilichofumwa kwa kubana hushinda. Kipimo cha nyumbani: kiinue kitambaa kuelekea kwenye taa. Ukiona mwanga unachuruzika, mionzi nayo itapita. Kanga moja kuukuu haifui dafu mbele ya kitenge kipya, lakini kanga iliyokunjwa mara mbili inafaa. Kapelo hukinga paji la uso na kuacha masikio na shingo. Kofia ya pama huvikinga vyote.

Kivuli pia kina daraja. Chini ya mwembe mzito umefichika. Chini ya mnazi unacheza na vipande vya jua. Chini ya mwavuli mdogo katikati ya mchanga mweupe, mionzi inayotawanywa na anga na ile inayorudishwa na mchanga inakufikia kwa pembeni, kwa hiyo usivue shati kwa sababu una mwavuli.

Losheni, basi, ni kwa mahali nguo isipofika: uso, masikio, shingo, viganja kwa nyuma, na miguu, miguu, miguu. Zenye zinki au titani hufaa ngozi nyepesi kuwashwa, ila humwacha mtu mweusi kama aliyepakwa unga. Zenye rangi ya ngozi hukwepa aibu hiyo na husaidia zaidi kwa mabaka. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi, kinga yake ni ndogo mno isiyostahili kutegemewa. Ukitumia na dawa ya kufukuza mbu, tangulia losheni, kisha dawa ya mbu. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe kivuli na nguo, losheni ingoje. Na chupa iliyoshinda ndani ya gari lenye joto wiki nzima usiiamini.

Ikishatokea

Ondoka juani mara tu unaposhuku, hata kama hakijauma. Kitakachouma usiku kinategemea dakika unazoongeza sasa. Kisha maji. Oga maji baridi ya kawaida, au weka kitambaa kilicholowa kwa dakika 10 hadi 15, na urudie mara kadhaa. Barafu usiitumie, huongeza jeraha juu ya jeraha. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka losheni nyepesi isiyo na manukato, au ute wa alovera. Mafuta mazito ya mgando yasipakwe siku ya kwanza, maana hufungia joto ndani. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 huweza kutuliza uvimbe kwa siku chache kwa mtu mzima.

Kunywa maji kuliko kawaida yako. Ngozi iliyoungua huvuta maji ya mwili. Madafu yanafaa. Kwa maumivu, ibuprofen ikinywewa mapema hupunguza na uvimbe, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito. Hao watumie paracetamol. Mtoto asipewe aspirini.

Halafu kuna duka la dawa la majirani. Mama mdogo alinifikia na dawa ya meno, jirani akapendekeza ute wa yai, mwingine majivu. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa mtu aliyepona, na alipona kweli, kwa sababu kuungua jua kwa kawaida hupona kwenyewe ndani ya wiki. Dawa ya meno huwasha ngozi iliyo uchi, yai huleta vijidudu, majivu hubaki kidondani. Niliwashukuru wote na kurudi kwenye beseni la maji.

Malengelenge yasitumbuliwe. Ile ngozi iliyoinuka ndiyo bandeji bora utakayoipata. Yakipasuka yenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa shashi isiyogandana. Ngozi inayobambuka isivutwe, hata iwashe vipi.

Nenda kituo cha afya kama malengelenge yametapakaa sehemu kubwa ya mwili au yako usoni, kama kuna homa, kutapika, kizunguzungu au kuchanganyikiwa, kama usaha unatoka, kama macho yanauma, au aliyeungua ni mtoto mchanga. Mtu anayeongea ovyo na mwili wake unawaka baada ya kushinda juani huenda ana tatizo la joto lenyewe, si ngozi tu, na huyo hangoji asubuhi: mpeleke kivulini, mloweshe maji, mpepee, na utafute gari.

Mimi nilivaa kandambili zilezile kwa siku sita kwa sababu hakuna kiatu kilichoingia, soksi nyepesi ndani yake, na watu wa ofisini walicheka walivyotaka. Siku ya tano nilibambuka. Ngozi iliyotoka chini ilikuwa laini na nyepesi kuungua upya, nikaificha majuma kadhaa. Alama za kamba, umbo la herufi V juu ya kila mguu, zilikaa mpaka Desemba.